Mai ya moto ni ya nani? Historia kutoka Lufira hadi Bogoria

Swali la leo ni hili: kijiji kikiamua kufufua chemchemi yake ya mai ya moto, watu wakaisafisha, wakaweka uzio, mabirika ya kuogea na geti la tiketi, pesa ya getini itakuwa ya nani? Wengi wakisikia habari ya bustani ya namna hiyo wanaanza kuhesabu mifuko ya saruji. Mimi naona tuanze na historia, maana bonde letu la Lufira limezoea zamani sana kupoteza maji yake kwa watu wenye karatasi.

Wazo lenyewe ni zuri, tusilikatae. Kazi hapa kwetu tunazijua: uvuvi ziwani, mashamba, makala, na kuchimba. Ziwa linachoka, miti inaisha, na mgodi una wenyewe. Mai ya moto hayaishi kama mti. Mvua inaingia ardhini kwa miaka mingi, inashuka katika nyufa za mawe, inapata joto chini kabisa, halafu inapanda tena pale penye ufa mkubwa. Ndiyo sababu chemchemi hizi hufuata mistari ya nyufa za ardhi, kama bonde la Upemba kaskazini mwetu, au bonde kubwa la ufa linalopita Uganda, Kenya na Tanzania. Familia zilizotoka upande wa Upemba zinaijua habari hii kuliko mimi.

Basi turudi nyuma. Kabla ya mukuba kujulikana duniani, Lufira ilijulikana kwa chumvi. Chemchemi za chumvi za Mwashya zilikuwa mali kubwa katika nchi ya Wasanga. Watu walitoka mbali kufuata chumvi ile, na ilibadilishwa kwa vyakula, majembe na nguo. Lakini angalia jambo moja: mahali kama pale hapajengwi nyumba. Watu wanakuja kiangazi, wanafanya kazi, wanaondoka mvua ikianza. Kila mtu anajua ukoo gani una neno pale, nani anaombwa ruhusa, nani anapewa fungu lake. Mgeni akipita katikati ya mvua ataona matope matupu na kusema hapana mwenyewe.

M'siri, aliyekuja kutoka upande wa Unyamwezi na kujenga milki yake Bunkeya katika karne ya 19, hakukosea namna hiyo. Yeye alijua vizuri kwamba palikuwa na wenyewe, na ndiyo maana aliwatoza kodi, ya chumvi na ya mukuba. Wasanga walichoka, wakaasi mwaka 1891, na tarehe 20 Desemba mwaka huo huo M'siri aliuawa na watu wa msafara wa Kapteni Stairs. Nataja kisa hiki kwa sababu moja tu. Hata bwana mkali kama M'siri alitambua kwamba chumvi ina mwenyewe. Waliomfuata walikuja na fikra nyingine.

Fikra hiyo ilikuwa imekwisha andikwa tayari. Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Mfalme Leopold II ulitoa amri kwamba ardhi isiyo na mtu ni mali ya dola. Maneno machache tu. Shamba lililolimwa linaonekana, nyumba inaonekana. Chemchemi haionekani kuwa na mtu. Msitu wa kuwinda, mahali pa matambiko, kisima cha chumvi, mai ya moto ambapo mgonjwa anapelekwa mara moja kwa mwaka: vyote hivyo mbele ya karani vilikuwa tupu. Mwaka 1900 iliundwa Comité Spécial du Katanga kusimamia ardhi na madini ya nchi hii, na mwaka 1906 Union Minière du Haut-Katanga. Kuanzia hapo aliyetaka kusema neno juu ya maji ilimbidi apite ofisini.

Ziwa letu Tshangalele ni mtoto wa ofisi hizo. Viwanda vya mukuba vya Likasi, wakati ule Jadotville, na vya Panda vilihitaji umeme. Kampuni iliyoitwa Sogefor ikajenga kituo kwenye maporomoko ya Lufira pale Mwadingusha, maporomoko yaliyopewa jina la Cornet, na mwaka 1930 umeme ulianza kutoka. Nyuma ya baraji maji yakapanda, yakafunika bonde pana, na mashamba na malisho ya kando ya mto yakaenda chini. Ziwa lilileta samaki, na samaki walileta wavuvi, na Kapolowe ya leo inakula kwa ziwa hilo. Sisemi kwamba hasara ilikuwa tupu. Lakini nguzo za umeme bado zinapita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku vinawasha mishumaa, na hata baada ya mitambo ya Mwadingusha kutengenezwa upya na kurudi kwenye mtandao na nguvu ya megawati 78, mama anayeuza samaki kando ya barabara hakuona fungu lolote lenye jina lake.

Sasa tuje kwenye mai ya moto yenyewe. Wachache wanajua kwamba mtambo wa kwanza wa Afrika kutengeneza umeme kwa joto la ardhi haukujengwa Kenya. Ulijengwa hapa Katanga, mahali panapoitwa Kiabukwa, mwaka 1952. Maji ya pale yanatoka na joto la nyuzi 91. Mtambo ulikuwa mdogo sana, karibu megawati 0.2, maana yake Mwadingusha moja inauzidi zaidi ya mara mia tatu. Hata hivyo ulitosha kampuni ya madini iliyokuwa karibu. Kenya ilifuata na Olkaria mwaka 1981, karibu miaka thelathini baadaye.

Kiabukwa haikudumu. Baada ya miaka michache kampuni ilishindwa, na mtambo ukafungwa pamoja nayo. Maji hayakusimama, yaliendelea kutoka moto kama zamani. Kilichokufa ni mteja. Hakuna aliyefikiri kwamba mtambo ungeweza kuwasha zahanati au shule, kwa sababu haukuwahi kuandikwa kwa ajili ya zahanati wala shule. Ulikuwa kifaa cha mgodi, kama toroli. Watu wa kijiji hawakuachiwa ufunguo wala fundi.

Na je, baada ya uhuru? Hapa lazima tuseme ukweli: karatasi zilibadilisha sahihi, hazikubadilisha fikra. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya dola. Ardhi ambazo jamii zinakaa na kutumia kwa desturi ziliahidiwa amri ya Rais itakayozipangia haki zake; miaka arobaini baadaye amri hiyo ilikuwa haijatoka. Kodi ya madini ya mwaka 2002, ile Code minier, inaongeza jambo ambalo wengi hawalisomi: katika kifungu cha 3, maji ya chini ya ardhi na joto la ardhi vimetajwa pamoja na madini kuwa mali ya dola. Kwa hiyo mzee anayesema «chemchemi hii ni ya ukoo wetu» anasema kweli kwa desturi, na karani anayemjibu «ni ya dola» anasoma kweli kwenye kitabu chake. Ndani ya nafasi hiyo ndimo wajanja hupita.

Ili kuona nafasi hiyo inaweza kumeza watu kiasi gani, twende Kenya, kwenye ziwa Bogoria. Ni safari ndefu kutoka Kapolowe, lakini kisa chake kinafanana na chetu kuliko kingine chochote ninachokijua.

Bogoria ni ziwa la magadi katika bonde la ufa, kaunti ya Baringo. Kando yake kuna chemchemi za moto zipatazo mia mbili, nyingine zinaruka juu zikitoa mvuke, na flamingo wengi wanakula kwenye maji yale machungu. Wazungu waliliita Hannington, jina la askofu aliyepita pale mwaka 1885. Wenyeji ni Waendorois, wafugaji. Kwao ziwa ni mahali pa sala na matambiko, kando yake ndipo wazee wao walizikwa, na ng'ombe na mbuzi walipata pale majani na udongo wa chumvi. Nyumba kwenye chemchemi zenyewe? Hapana. Nani ajenge kitanda juu ya mvuke.

Mwaka 1973 serikali ilitangaza eneo lile kuwa hifadhi ya wanyama, na Waendorois wakaambiwa watoke. Familia zipatazo 400 zilihusika. Ziliahidiwa mambo mazuri: mashamba yenye rutuba, asilimia 25 ya pesa ya watalii, asilimia 85 ya kazi zitakazopatikana, majosho ya mifugo na mabwawa ya maji baridi. Baadaye ikatajwa pesa ya kuhamia, shilingi 3,150 kwa kila familia. Ni mwaka 1986 ndipo familia 170 kati ya zile 400 zilipata pesa kidogo. Mashamba hayakuja. Asilimia 25 haikuja. Mifugo, iliyozoea majani na chumvi ya ziwani, ilikufa kwa wingi katika nchi kavu waliyosukumiwa.

Hebu tukae kidogo juu ya ile asilimia 25, kwa sababu ndiyo aina ya ahadi tutakayopewa na sisi. Inasikika kubwa. Lakini asilimia 25 ya nini? Ya pesa yote inayoingia getini, au ya ile inayobaki baada ya kulipa mishahara, mafuta ya gari, rangi ya bango na chakula cha wageni wa heshima? Nani anashika daftari? Inalipwa lini, kila mwezi au mwisho wa mwaka? Inaingia mkononi mwa nani, shefu, kamati, au kila nyumba? Tuseme bustani ya kijiji inapata watu 300 siku ya Jumapili na kila mmoja analipa franka 2,000. Ni franka 600,000. Robo yake ni 150,000. Ukisema «robo ya faida», na gharama zikaandikwa 590,000, robo ya jamii inakuwa 2,500. Pesa ya getini ni ile ile na ahadi inasomeka karibu sawa, ila neno moja limebadilika.

Waendorois hawakukaa kimya. Waliunda baraza lao, Endorois Welfare Council. Walikwenda mahakamani Kenya, na mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Nakuru ikakataa kesi yao. Wakati huo huo sehemu ya ardhi yao ilikuwa inatolewa kwa uchimbaji wa vito vya rubi. Mwaka 2003 wakapeleka malalamiko kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, ile inayokaa Banjul, Gambia, wakisaidiwa na mashirika mawili ya haki. Ni kesi namba 276/2003. Uamuzi ulipatikana mwaka 2009 na ukatangazwa Februari 2010 baada ya Umoja wa Afrika kuupokea.

Tume ilisema Kenya imevunja Mkataba wa Afrika katika vifungu kadhaa: haki ya dini, ya mali, ya utamaduni, ya utajiri wa asili na ya maendeleo. Ikataka Waendorois watambuliwe kuwa wenye ardhi na warudishiwe, waingie ziwani bila kizuizi kwa ajili ya sala na malisho, walipwe fidia, wapewe fungu la mapato ya hifadhi na kazi ndani yake. Jambo kubwa zaidi kwetu ni namna Tume ilivyojibu hoja ya «ardhi tupu». Ilisema haki ya mali haihitaji cheti cha ofisi. Watu walioishi na mahali, walioomba pale, waliochunga pale kwa vizazi, ni wenye mahali hata kama hakuna karatasi wala ukuta.

Usidhani uamuzi ulimaliza shida. Mwaka 2011 ziwa liliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na Tume ile ile ikalalamika kwamba Waendorois hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2014 serikali iliunda kikosi cha kuangalia jinsi ya kutekeleza uamuzi, na utekelezaji ukaenda kwa mwendo wa kinyonga. Halafu ardhi ikaleta kesi yake yenyewe: kuanzia karibu mwaka 2011 maji ya ziwa yalipanda sana, yakafunika baadhi ya chemchemi na kufika kwenye majengo ya geti la Loboi. Ndiyo biashara ya maji ya moto. Jengo la thamani unaliweka mbali na maji, au unaogelea nalo.

Kwa nini kesi ya Kenya itupe faida sisi Wakongomani? Kwa sababu Kongo nayo imetia sahihi Mkataba huo wa Afrika, tangu mwaka 1987. Na hii si nadharia. Mwaka 2024 ulitolewa hadharani uamuzi wa Tume hiyo hiyo kuhusu Watwa wa Kahuzi-Biega, Kivu ya Kusini, waliofukuzwa msituni hifadhi ilipoundwa na kupanuliwa miaka ya 1970. Tume iliona kwamba serikali yetu ilivunja haki zao. Uamuzi unaotoka Banjul hauleti lori la pesa kesho asubuhi, lakini mwanasheria wa Likasi anaweza kuuweka mezani.

Kuna mfano mwingine, mdogo na wa karibu na maisha yetu, nao ni Kitagata, wilaya ya Sheema, magharibi mwa Uganda. Chemchemi mbili za moto ziko jirani. Moja inaitwa Ekyomugabe, yaani ya mfalme, kwa sababu Omugabe wa Ankole ndiye aliyekuwa akiitumia zamani. Nyingine watu wameipa jina Mulago, jina la hospitali kubwa ya Kampala, kwa sababu wagonjwa wa viungo na mgongo wanakwenda pale kukaa ndani ya maji. Kwenye jicho la chemchemi maji yanaweza kufika nyuzi 80. Wagonjwa hukaa pembeni, yanakopoa. Napenda yale majina mawili. Historia nzima imo: maji ya mtu mmoja mkubwa, na maji ya kila mgonjwa.

Lakini Kitagata pia inatufundisha upande wa kazi za mikono, na hapa nataka kuwa wazi, maana bustani ya mai ya moto isiyo na mpango inaua. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache. Mtu mzima anaoga vizuri kwenye nyuzi 38 hadi 40. Kwa hiyo jicho la chemchemi halioshi mtu: linazungushiwa uzio imara, na maji yanapelekwa chini kwa mfereji mrefu ili yapoe njiani, au yanachanganywa na maji baridi ya mto kabla ya kuingia kwenye birika. Kila asubuhi mtu mmoja anapima kwa kipimajoto na kuandika daftarini kabla ya geti kufunguliwa. Mkono wa mlinzi si kipimajoto.

Saruji isiwekwe juu ya jicho. Watu wanapenda kulijengea kisima kizuri chenye mfuniko, halafu maji yakibanwa yanatafuta ufa mwingine, na mwaka unaofuata chemchemi imehamia kwenye lupango ya jirani. Ondoa matope na majani kwa jembe na mikono, acha mawe yalivyo, jenga chini zaidi. Vyoo viwe upande wa chini, mbali na maji. Birika la kina mama liwe na pazia au ukuta wake, vinginevyo mama zetu hawatakuja, na bustani isiyokuja mama haileti mtoto wala chakula cha kuuza.

Kunywa ni habari nyingine. Watu wanapenda kujaza chupa kwa sababu maji yametoka ardhini moto, basi wanafikiri ni dawa. Maji ya moto yanayeyusha mawe yanapopita. Chemchemi za Bogoria zina floridi nyingi, ambayo inaharibu meno na mifupa. Na sisi tunaishi juu ya mawe ya mukuba, kobalti na, upande wa Shinkolobwe, uraniamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, ulikuta kobalti na metali nyingine nyingi kwenye mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Maji yapimwe maabara kabla bango la «karibuni» halijapakwa rangi. Na hata maji safi ya uvuguvugu, watoto wasiyavute puani wala wasizamishe vichwa, kwa sababu kuna vijidudu vinavyopenda maji ya namna hiyo na vinaingia kwa njia ya pua mpaka kwenye ubongo. Ni ugonjwa wa nadra sana, ila ukimpata mtoto haumwachi.

Sasa karatasi. Je, kuna njia kwa kijiji cha Kongo kushika mahali kama hapo? Ipo moja ambayo haikuwako wakati wa baba zetu. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014, namba 14/018, inaruhusu jamii ya wenyeji kuomba msitu wake uwe wa jamii, hadi hekta 50,000, bila kununua, na bila mwisho wa muda. Gavana wa jimbo ndiye anayetia sahihi. Chemchemi iliyo ndani ya msitu wa miombo inaweza kuwa ndani ya mipaka hiyo. Joto na maji ya chini yanabaki ya dola kama tulivyosoma, lakini njia ya kufikia, ardhi ya juu, miti inayolinda maji, na haki ya kupanga matumizi vinakuwa na mwenyewe anayesomeka. Mwekezaji akija na koti lake, atakuta jina.

Kanuni za mwaka 2016 zinataka jamii hiyo iwe na vyombo vinne: mkutano wa jamii nzima, kamati ya usimamizi, kamati ya kukagua, na baraza la wazee. Naipenda ile ya kukagua kuliko zote. Anayekata tiketi asiwe ndiye anayehesabu. Tumeshaona kwenye pesa za migodi: tangu Kodi ya madini ilipobadilishwa mwaka 2018, asilimia 15 ya ushuru wa madini ni ya maeneo ya chini, sekta, shefferi na komine zenye mgodi, na kampuni inatakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya jamii jirani. Asilimia zipo kwenye kitabu. Uliza kijijini nani aliyewahi kuliona daftari.

Na hapa nafika kwenye jambo gumu, ambalo nalisema kwa ajili yenu familia zilizohama. Amri ya 2014 inaielewa jamii kama watu wenye ukoo na ardhi ile. Mtu aliyekimbia kutoka Mitwaba, Pweto au Manono miaka ile ya mapigano, au anayetoka mbali zaidi, hana sahihi kwenye ombi hilo. Anaweza kuishi hapa miaka kumi, akasaidia kutoa matope kwenye mfereji siku zote za salongo, na siku ya kugawa pesa akaambiwa, wewe si wa hapa. Likasi imewahi kuliona neno hilo likifika mwisho wake: mwaka 1992 na 1993 familia za Wakasai zilijaa kwenye gare, zikingoja treni ya kuwaondoa, wengi walikuwa wamezaliwa mjini humo humo.

Wenyeji nao wana hofu yao, na si ya bure. Wanaogopa kwamba wakimwandika mgeni leo, kesho atadai chemchemi. Hofu hii inaweza kupewa jibu kwa kutenganisha mambo mawili ambayo kwetu huchanganywa. Uenyeji wa ardhi ni wa koo, ubaki kwao, uandikwe hivyo na baraza la wazee. Kazi, mishahara, nafasi za kuuza chakula getini, na kuoga bila malipo siku zilizopangwa, hivyo ni vya wanaoishi na kufanya kazi pale, wenyeji na waliohama, na viandikwe kwenye karatasi ya pili: majina, siku za kazi, malipo, na nafasi walau moja au mbili za waliohama kwenye kamati ya kukagua. Waendorois waliahidiwa asilimia 85 ya kazi kwa maneno. Wangepewa orodha ya majina na mishahara, wangekuwa na kitu cha kuonyesha hakimu wa Nakuru.

Karatasi ya kwanza inaanzia kwa shefu na wazee wa koo, ikiwa na ramani iliyochorwa na watu wenyewe wakitembea mipaka pamoja na majirani, maana mpaka ambao jirani hakuukubali utarudi mahakamani. Inapita kwenye sekta au shefferi, na kwenye teritware ya Kambove, kabla ya kufika Lubumbashi kwa gavana. Watu wa mazingira watakuja kuangalia, na tangazo litabandikwa ili mwenye pingamizi aseme. Karatasi ya pili haiendi mbali. Inasomwa kwa sauti mbele ya mkutano, kwa Kiswahili na kwa lugha ya koo, inatiwa sahihi au kidole, na nakala moja inabaki kwa mama muuzaji mmoja ambaye watu wote wanamwamini, nje ya sanduku la kamati.